Universite ndani ya simu: vijana wetu waliorudi wanapata nini, wanapoteza nini?

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama na wageni wafadhili siku ya mkutano mkuu, kabla ya mazungumzo juu ya mfuko wa masomo. Tumeyaacha vile yalivyosemwa, tumefupisha tu salamu.)



Muliomba tuseme juu ya masomo ya juu yanayofanyika kwa intaneti. Tunajua sababu. Mfuko wetu wa masomo ni mdogo, na leo mchana mutapiga kura juu ya matumizi yake. Upande mmoja unasema: tuache kumpeleka mtoto mmoja Bukavu kwa feza nyingi, wakati feza hiyo hiyo inaweza kusomesha vijana kumi kwenye simu. Upande mwingine unasema: diploma ya simu ni karatasi ya kufungia karanga. Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji na kukaa na vijana hawa tumesikia pande zote mbili, tena kwa sauti kubwa. Kila upande uko na kipande cha ukweli. Kazi yetu asubuhi hii ni kuviweka vipande hivyo mezani, ili mukipiga kura mujue munapigia nini.

Kusoma mbali na mwalimu si jambo la jana

Wengi wanafikiri masomo ya mbali yameanza na corona. Hapana. Universite ya Afrika ya Kusini, ile inayoitwa UNISA, ilianza kufundisha watu kwa barua tangu 1946. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa njia hiyo mwaka 1989, akingali mfungwa, miezi michache kabla hajatoka. Uingereza walianzisha Open University mwaka 1969, wakatumia radio na televisheni. Jirani zetu Tanzania walipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu, chuo hicho kiko na kituo. Wale kati yetu waliokaa Nyarugusu au Lugufu wamesikia habari zake.

Vyuo hivyo vyote viko na jambo moja linalofanana, na tunaomba mulishike vizuri. Havikumwacha mwanafunzi peke yake. Kulikuwa na kitabu kinachofika mkononi, mwalimu anayesahihisha kazi, kituo cha kufanyia mtihani, na tarehe ambayo mtu hawezi kuisogeza. Mwanafunzi alikuwa mbali na oditware, lakini shule ilijua yuko wapi na amefika wapi.

Mwaka 2012 kulikuja mtindo mwingine. Universite kubwa za Marekani, kama Harvard na MIT zilizoanzisha edX, na kampuni kama Coursera, zilifungua kozi za bure kwenye intaneti kwa kila mtu duniani. Watu walishangilia sana. Magazeti yaliandika kwamba universite za matofali zitafunga milango. Miaka ikapita, wakahesabu. Katika watu 100 waliojiandikisha kwenye kozi hizo, mara nyingi wanaofika mwisho hawafiki hata 10. Na kati ya wanaomaliza, wengi ni watu waliokuwa tayari na diploma, na kazi, na ordinatere nyumbani. Mlango ulikuwa wazi kweli. Lakini mtu wa kwanza kuingia ni yule aliyekuwa amesimama karibu.

Kisha mwaka 2020 corona ikafunga shule. UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni moja na nusu duniani waliofungiwa milango. Kongo yetu ilifunga mwezi wa tatu, na masomo yakaanza kurudi mwezi wa nane. Katika nchi tajiri wanafunzi walihamia kwenye intaneti ndani ya wiki chache. Hapa kwetu, vijana walirudi shamba na ziwani. Hawakukosa akili wala hamu. Katika nchi ambayo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye aliye na umeme, huwezi kuhamisha oditware kwenda kwenye ordinatere kwa tangazo la radio.

LMD, na kwa nini inatugusa sisi

Kuna mabadiliko mengine ambayo wazazi wengi bado hawajaelezewa. Sisi tuliosoma zamani kidogo tulizoea graduat miaka mitatu, halafu lisansi miaka miwili. Mtu alisema "niko G2", "niko L1", kila mtu akaelewa. Sheria ya 2014 juu ya masomo ya taifa ilifungua njia ya mpango mwingine, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Serikali ikaueneza katika vyuo vya nchi nzima. Ndiyo LMD: Lisansi miaka mitatu, Masta miaka miwili, kisha Doktora.

Hatari ya kwanza iko kwenye majina. Lisansi ya sasa siyo lisansi ya zamani. Mzazi akisikia mtoto amemaliza "lisansi" kwa miaka mitatu, asifikiri ameruka madarasa, na mtoto wa graduat ya zamani asidhani amepoteza kila kitu. Hatari ya pili ni hesabu yenyewe. Katika LMD masomo yanahesabiwa kwa kredi: 30 kila semesta, 60 kwa mwaka, 180 kwa Lisansi nzima. Na kredi moja haihesabu tu masaa ambayo profesa anaongea. Inahesabu pia masaa ambayo mwanafunzi anasoma peke yake, anatafuta vitabu, anaandika kazi zake.

Maana yake ni hii: hata kijana aliyeko Bukavu, ndani ya oditware, leo anatakiwa kutafuta sehemu ya masomo yake mwenyewe. Na anatafuta wapi? Kwenye simu. Kwa hiyo ndugu zangu, tusigombane kana kwamba tuko na njia mbili zisizokutana, ya Bukavu na ya intaneti. Mtoto wa Bukavu asiyejua kutumia intaneti kwa masomo anaanguka. Na mtoto wa intaneti asiye na mtu wa kumshika mkono anaanguka vile vile.

Kwa wale walioacha masomo sababu ya vita, wakaenda na G1 au G2 yao kambini, wakarudi baada ya miaka: tafuteni relevé zenu za pointi. Hata ikiwa imechakaa, hata ikiwa ni kopi. Nendeni aparitora ya chuo mulichosoma, mukaulize kwa maandishi ni kredi ngapi wanaweza kuwapa katika mpango mpya. Kila chuo kinaangalia faili la mtu kwa lake, na asiyeuliza hajibiwi.

Tuliporudi, tulirudi na nini?

Kuna maneno yanayoumiza vijana wetu, na lazima tuyaseme hapa mbele ya wazee. Kijana aliyekulia Tanzania, Zambia au Uganda anarudi, anaingia darasani, Kifaransa kinamshinda, wanamwita "mukimbizi", wanamwambia hakusoma kitu. Yule wa Burundi anacheka kidogo kwa sababu Kifaransa anakijua, lakini naye anakwama kwenye karatasi.

Sasa sikilizeni. Sehemu kubwa ya masomo ya intaneti ya bure au ya bei ndogo iko kwa Kiingereza. Yule kijana tunayemcheka hapa kwa Kifaransa chake, kule anaingia bila mkalimani. Na tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi zinazotuzunguka upande huu ziko ndani ya nyumba moja nasi. Viongozi wa Jumuiya walitangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la masomo ya juu, ili mwanafunzi aweze kuhama na masomo yake yahesabiwe. Chini kwenye ofisi kazi hiyo bado inatembea polepole, na karatasi bado zinaombwa moja moja. Lakini mwelekeo uko wazi: kijana mwenye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kidogo yuko na thamani. Tumusaidie kuongeza Kifaransa, tusimwaibishe kwa Kiingereza.

Tuseme pia juu ya misaada inayopita mikononi mwa UNHCR. Shirika hilo limejiwekea lengo kwamba kufika 2030 wakimbizi 15 kati ya 100 wenye umri wa universite wawe wanasoma. Mwaka 2019 walikuwa 3 tu kati ya 100. Kuna basi za masomo zinazoitwa DAFI, zinazolipwa zaidi na Ujerumani tangu 1992. Kuna Kepler kule Rwanda, ambayo imepeleka masomo ya universite ya Marekani mpaka ndani ya kambi ya Kiziba, wanakoishi ndugu zetu Wakongomani. Kuna Jesuit Worldwide Learning, iliyoanza mwaka 2010 katika kambi za Kakuma na Dzaleka. Kuna University of the People, iliyoanzishwa 2009, ambayo haiombi minervali, ingawa inaomba malipo ya mitihani.

Mumeona jambo gani katika orodha hiyo? Karibu yote imejengwa kwa ajili ya mukimbizi. Siku unapovuka ziwa kurudi nyumbani, unaacha kadi yako, na pamoja nayo unaacha milango mingi. Mtoto aliyekuwa na darasa la intaneti kambini anafika kijijini kwao, anakuta shamba, anakuta kaburi la babu yake, lakini darasa limebaki kule. Wageni wetu wafadhili, tunaomba muandike hilo kwenye daftari zenu. Kurudi nyumbani kusiwe adhabu kwa mwanafunzi. Programu inayomfuata mtu mpaka kambini imfuate pia mpaka nyumbani, angalau mpaka amalize semesta aliyoanza.

Hesabu ya mega

Tuingie kwenye feza, maana mapenzi ya masomo peke yake hayanunui forfe.

Saa moja ya video ya kawaida inakula karibu mega 500. Kijana akitazama saa moja kila siku, siku 25 kwa mwezi, hiyo ni mega 12,500, yaani giga 12 na nusu. Saa moja ya sauti peke yake, iliyobanwa vizuri, inakula kama mega 20. Siku 25 ni mega 500. Muko mnasikia? Sauti ya mwezi mzima ni sawa na video ya siku moja. Na kitabu cha maandishi cha kurasa 40, kisicho na picha nyingi, mara nyingi hakizidi mega moja au mbili.

Hii inabadilisha kila kitu. Kijana anayesema "masomo ya intaneti ni ya matajiri" anasema kweli ikiwa anafuata video. Akijua kuchagua maandishi na sauti, akijua kupakua mara moja na kusoma mara kumi bila rezo, gharama inashuka mpaka mahali ambapo chama kama chetu kinaweza kubeba.

Na kuna vyombo vilivyotengenezwa kwa watu wasio na rezo. Kiwix inamwezesha mtu kubeba Wikipedia nzima ndani ya kadi ya kumbukumbu, akaisoma bila intaneti hata kidogo. Kolibri inaweka mamia ya masomo ndani ya ordinatere moja ndogo, na simu zilizo karibu zinayasoma kwa wifi ya chumba, bila mega hata moja. Moodle, ambayo vyuo vingi vinatumia, iko na programu ya simu inayokuruhusu kupakua somo na kulifanya ukiwa shambani. Vyombo hivi ni vya bure. Kinachokosekana ni pano ya jua, betri, na mtu mmoja anayejua kuviweka.

Mara ngapi tumeona sanduku la tableti likifika na picha zikipigwa? Baada ya mwaka unaenda, unakuta nusu zimevunjika kioo na nusu hazina sharja. Hatusemi hivyo kumlaumu mtu. Tunasema kwa sababu feza ya tableti moja inaweza kununua saa nyingi za mtu wa kukaa na wanafunzi, na mtu huyo ndiye anayefanya wamalize.

Wauzaji wa diploma

Sasa jambo linalotuogopesha. Vijana wetu wanapokea ujumbe kwenye WhatsApp: "Pata Masta yako kwa miezi mitatu, bila mtihani, lipa kwa simu." Kijana mmoja aliyerudi, ambaye familia yake iliuza mbuzi wawili, alituonyesha diploma nzuri kuliko zetu, yenye dhahabu na mihuri miwili. Nchi iliyoandikwa juu yake haikujua chuo hicho. Hatutaji jina la mtu wala la hao wauzaji, maana wanabadilisha jina kila baada ya miezi michache. Lakini mbuzi hawakurudi.

Kwa hiyo tunaomba chama kikubali kwamba hakuna franka hata moja ya mfuko itakayotoka kabla ya maswali manne kujibiwa kwa maandishi.

Swali la kwanza: chuo hiki kinatambuliwa na nani katika nchi kilimoandikishwa? Jibu litoke kwa wizara au baraza la vyuo la nchi hiyo, lisitoke kwenye tangazo la chuo chenyewe.

Swali la pili: mtihani unafanyika wapi na namna gani? Chuo kisicho na mtihani kinauza karatasi.

Swali la tatu: kwetu Kongo, diploma hiyo itapewa ekivalansi? Kazi hiyo iko chini ya wizara, Kinshasa. Tuulize kabla ya kulipa. Mtu akitaka kuwa mwalimu, muuguzi au mtumishi wa Serikali, swali hili ndilo la kwanza kabisa. Akitaka ujuzi wa kuendesha biashara yake mwenyewe, au kuandika programu za ordinatere, linaweza kuwa la mwisho.

Swali la nne: feza inalipwa kwa nani? Ikiwa ni kwa namba ya simu ya mtu, tufunge mazungumzo.

Kwa wenye karatasi zilizopotea au zilizoungua, kuna jambo linaloanza kusogea duniani. UNESCO iko na mkataba wa kutambua masomo ya juu ambao ulianza kufanya kazi mwezi wa tatu 2023, na imeanzisha pasipoti ya masomo kwa wakimbizi: wanamhoji mtu, wanapima anachojua, wanampa hati. Zambia ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuijaribu, mwaka 2019. Haijafika mlangoni kwetu. Lakini inatuonyesha kwamba mtu anaweza kupimwa kwa kichwa chake, hata kama vita vimekula faili lake. Tuanze kuiomba.

Mashini inayoandika badala ya mwanafunzi

Mwishoni mwa 2022 ilitoka ChatGPT, na nyingine zikafuata. Vijana munazijua kuliko sisi. Unaandika swali, mashini inakupa kurasa tatu zilizonyooka. Universite duniani kote zimechanganyikiwa. Nyingine zimekataza, nyingine zimeruhusu kwa masharti, nyingi zinarudi kwenye mtihani wa mdomo na wa kalamu, maana kazi ya kuandikia nyumbani haiaminiki tena.

Tusiikatae bila kufikiri. Kwa kijana wa kijijini asiye na asistanti, mashini inayoweza kumweleza kanuni ya hesabu mara tano bila kukasirika ni msaada. Inaweza kumrekebishia Kifaransa chake usiku, bila mtu wa kumcheka. Lakini inasema uongo kwa sauti ya profesa. Inataja vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Na juu ya Fizi, juu ya mila zetu, juu ya bei ya mihogo sokoni, inajua kidogo sana, lakini haitakwambia hivyo.

Kanuni tunayopendekeza kwa wanafunzi wa mfuko ni nyepesi. Kila mwisho wa semesta mwanafunzi atasimama mbele ya wanachama watatu na kueleza kwa mdomo, kwa Kiswahili, kitu kimoja alichojifunza. Mama muuza samaki akielewa, kijana amesoma. Asipoelewa, tutarudi kuuliza.

Mambo ambayo simu haifundishi

Hapa tunawapa haki wale wa upande wa pili. Hakuna anayejifunza kuzalisha mama kwa simu. Uuguzi, maabara, ujenzi, kilimo cha kweli, vinataka mikono, vinataka staji, vinataka mtu mkubwa amesimama nyuma yako. Kwa masomo hayo, mfuko uendelee kupeleka vijana kwenye vyuo: ISTM, ISDR, Universite Officielle ya Bukavu na vingine vinavyotambuliwa na Serikali. Ualimu unaweza kuchanganya: vitabu kwa simu, mazoezi darasani. Hesabu za biashara, lugha, programu za ordinatere, usimamizi wa miradi, hayo yanaweza kwenda mbali kwa intaneti.

Na kuna kitu kingine oditware inatoa ambacho hakiandikwi kwenye diploma: marafiki. Kwa watoto waliorudi hilo ni kubwa. Mtu aliyesoma meza moja na watoto wa makabila mengine ni vigumu kumdanganya kwamba hao ni adui zake. Mtu aliyesoma peke yake na simu yake hakupata hilo. Ndiyo sababu hata masomo ya intaneti tunataka yafanyike katika chumba, pamoja.

Mabinti

Wazee, tuvumilieni dakika mbili. Tukiweka masomo ya simu, ni nani atakayekuwa na simu? Katika nyumba nyingi tunazotembelea, simu nzuri ni ya baba, ya pili ni ya kaka. Dada anaazima usiku, baada ya kuteka maji, kupika na kulaza watoto, na betri imebaki kidogo. Watu wanasema intaneti inamsaidia msichana kwa sababu anasoma bila kutoka nyumbani. Kumbe nyumbani ndiko kwenye kazi nyingi! Kwa binti wengi, kusoma nyumbani ni kutosoma.

Kwa hiyo chumba cha kusomea kiwe na masaa ya mchana yaliyohifadhiwa kwa wasichana na kwa mama vijana, na mtu wa kushika watoto. Kama hilo halimo katika mpango, tusidanganyane kwamba tumefungua mlango kwa wote.

Tunachowaomba mupigie kura

Kwanza, mfuko usigawe tableti wala simu kwa mtu mmoja mmoja. Ujenge chumba kimoja cha kusomea chenye pano za jua, betri, ordinatere moja ndogo ya Kolibri na Kiwix, na meza. Chumba hicho kiwatumikie wanafunzi wa intaneti, na pia wa sekondari wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali.

Pili, kuwe na msaidizi wa masomo anayelipwa, hata kidogo, lakini kila mwezi. Kazi yake: kujua nani amekuja, nani hakuja, na kwenda kumuuliza nyumbani kwa nini.

Tatu, msaada utolewe semesta kwa semesta, baada ya kuona pointi. Tuanze na vijana wachache. Haraka haraka haina baraka, na sisi wa upande wa Baraka tunapaswa kuijua methali hiyo kuliko wengine.

Nne, tume ya watu watano, wawili wakiwa wanawake, ichunguze kila chuo kwa maswali manne kabla ya feza kutoka.

Tano, sehemu ya mfuko ibaki kwa wanaokwenda kwenye vyuo vya kukaa darasani, kwa masomo yanayotaka mikono.

Kwa wafadhili wetu, neno la mwisho ni kwenu. Tunajua ripoti zenu zinapenda hesabu ya vifaa vilivyotolewa. Ni rahisi kuhesabu tableti. Tunaomba muhesabu waliomaliza. Tunaomba mulipie vitu visivyopendeza kwenye picha: mafuta ya pikipiki ya msaidizi, nauli ya kwenda kwenye mtihani, betri ya kubadilisha mwaka wa tatu, ada ya ekivalansi. Huko ndiko wanafunzi wetu wanakokwama, siku baada ya picha kupigwa.

Kwa vijana: shuleni kambini, wengi wenu mulikalia matope na kuandika juu ya magoti. Hamukosi uvumilivu. Simu mliyo nayo mfukoni ni mlango mdogo, na chama hiki kinaweza kuushika usifungwe na upepo. Kupita ni kazi yenu.

Na kwa wazee wanaosema diploma ya simu ni karatasi ya karanga: njooni mukae kwenye ile tume. Tunawahitaji ninyi hasa, munaoshuku. Mukishika maswali yale manne kwa mkono mgumu, hakuna mtu atakayeuza mbuzi tena kwa ajili ya mihuri ya dhahabu.

 Mkutano uendelee.